Raspberry Pi imegoma kuwaka baada ya umeme kukatika: soma taa kwanza, kadi usiifute

"Umeme ulikatika, uliporudi haiwaki tena." Malalamiko kuhusu Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, karibu yote huanza hivyo. Wengine husema iliganda katikati ya kusasisha programu, wakachomoa waya kwa hasira, na tangu hapo iko kimya. Na wengi wanapoomba msaada wameshajiamulia kwamba bodi imeungua.

Mara nyingi bodi ni nzima. Kilichoumia ni kadi ya memori au yaliyoandikwa ndani yake. Au ni chaja, ambayo tangu siku ya kwanza haikuwa na nguvu za kutosha. Pi ya kawaida haina diski ya ndani. Mfumo wote unakaa kwenye kile kikadi. Na kadi hiyo haiandiki herufi moja moja. Chipu iliyo ndani yake huhamisha data kwa mafungu makubwa, ikifuta fungu zima na kuliandika upya mahali pengine. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, hata faili ambazo hukuwa umezigusa zinaweza kuumia. Ndiyo maana mtu husema kwa mshangao, "Mbona nilikuwa nimeiacha tu, sikuwa nafanya chochote?"

## Kabla hujagusa kitu

Acha kuiwasha na kuizima. Kila inapojaribu kuwaka huandika kumbukumbu zake kwenye kadi ileile iliyojeruhiwa.

Usiandike mfumo upya kwenye kadi hiyo. Ushauri wa "flashi tu upya" unamfaa asiye na kitu ndani. Kama Pi yako ni seva ya Kolibri (programu ya masomo bila intaneti) yenye maendeleo ya wanafunzi wa shule nzima, au inatunza mauzo ya duka, ushauri huo ni hasara.

La tatu linawaumiza watu wengi kuliko umeme wenyewe. Ukichomeka kadi ya Pi kwenye kompyuta ya Windows, itasoma sehemu ya kwanza tu, ile ndogo. Sehemu ya pili, yenye mfumo na kazi zako, ipo kwa muundo wa ext4 ambao Windows haiusomi yenyewe, kwa hiyo inakuuliza kama uifomati. Jibu ni hapana. Funga hilo dirisha. Ujumbe huo hutokea hata kwa kadi nzima kabisa, haimaanishi kwamba kadi imeharibika.

Tafuta kadi ya pili, hata ya GB 16, uiwekee Raspberry Pi OS safi, yaani mfumo rasmi wa Pi. Tafuta na kisoma kadi cha USB pamoja na chaja unayoiamini. Kwa vitu hivyo vitatu Pi yenyewe inakuwa karakana: unaiwasha kwa kadi ya pili, kisha unachomeka kadi mgonjwa kupitia USB na kuitibu hapohapo. Tena ikikubali kuwaka kwa kadi ya pili, umeshajua bodi ni salama, na nusu ya mwongozo huu unaweza kuiruka.

## Dalili: hakuna taa hata moja

Anza nje ya bodi. Swichi ya soketi imewashwa? Ekstensheni inafanya kazi ukichomeka kitu kingine? Baada ya hapo mshukiwa wa kwanza ni waya na chaja. "Lakini inachaji simu" si ushahidi: simu hupokea kidogo inachopewa na kuchaji polepole, Pi haina subira hiyo. Pi 3 B+ inataka volti 5.1 na ampea 2.5, Pi 4 inataka ampea 3, na Pi 5 inataka ampea 5 ili ifanye kazi zote bila kujibana. Waya mwembamba wa mita mbili unakula volti njiani hata chaja ikiwa nzuri. Badilisha vyote viwili kwa pamoja.

Kuna kituko kimoja cha Pi 4 za toleo la mwanzo, zilizotoka mwaka 2019. Tundu lao la USB-C lilikosewa mchoro, kiasi kwamba waya za bei kubwa zenye chipu ya utambulisho, kama zile za laptopu, huifanya chaja iamini imechomekwa kitu kingine na isitoe umeme. Jaribu waya wa kawaida.

Pili, ondoa kila kitu: diski, kibodi, HDMI, bodi ya nyongeza iliyokaa juu, nyaya za vihisi kwenye pini. Taa ikirudi, kimoja kati ya hivyo ndicho chenye shoti. Virudishe kimoja kimoja.

Tatu, Pi 2 na Pi 3 zina fyuzi ndogo inayokatika ikipata joto na kujirudisha yenyewe. Inaweza kuchukua saa kadhaa, hata siku nzima, kurudi sawasawa. Iache bila umeme usiku kucha ndipo ujaribu tena.

Bado? Mwenye multimita apime volti akiwa mwangalifu. Kati ya pini 2 na pini 6 pawe na volti 4.75 hadi 5.25. Kati ya pini 1 na pini 6 pawe na volti 3.3. Tahadhari: pini 1 na pini 2 zinapakana. Ncha ya multimita ikiteleza ikazigusa zote mbili kwa pamoja, unaiua chipu ya umeme sekunde hiyohiyo, na bodi iliyokuwa na ugonjwa mdogo inakuwa marehemu. Kama mkono unatetemeka, mwachie mwingine.

Ukikuta volti 5 zipo lakini 3.3 hazipo, chipu inayogawa umeme imekufa. Hapo hakuna programu itakayosaidia. Vilevile kama kuna sehemu ya bodi inayochoma kidole baada ya sekunde chache, au harufu ya kuungua, chomoa na usirudie "kujaribu mara moja tu". Kubadilisha chipu hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine ya hewa moto na darubini, na kwa bodi za bei ndogo gharama yake mara nyingi haina maana. Kadi yako, hata hivyo, inaweza kuwa nzima. Iweke kwenye Pi nyingine ya aina ileile.

## Dalili: nyekundu inawaka, kijani kimya, skrini nyeusi

Kwanza hakikisha unasoma taa sahihi. Kwa Pi 2 hadi Pi 4, nyekundu ni umeme, kijani ni kazi ya kusoma kadi. Pi 5 ina taa moja inayobadilika rangi. Ikiwa nyekundu tu, imezimwa na inasubiri, bonyeza kitufe kilicho pembeni. Pi Zero haina nyekundu kabisa.

Pili hakikisha imekufa kweli. Umeme ukirudi, Pi huwaka haraka kuliko televisheni nyingi, inakuta hakuna skrini, basi inaendelea na kazi bila kutoa picha. Kutoka kompyuta nyingine ya mtandao huohuo andika `ping raspberrypi.local`. Ikijibu, tatizo ni skrini. Kwa Pi 4 na Pi 5 tumia tundu la HDMI lililo karibu na la umeme. Ukitaka ilazimishwe kutoa picha hata skrini ikichelewa, ongeza mwishoni mwa mstari ulio ndani ya `cmdline.txt`, faili lililo kwenye sehemu ya kwanza ya kadi, maneno `video=HDMI-A-1:1920x1080@60D`. Faili hilo lazima libaki mstari mmoja. Ukibonyeza Enter ndani yake umejiongezea ugonjwa wa pili.

Kama hakuna jibu:

1. Toa kadi, futa vile vibati vya rangi ya dhahabu kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, irudishe hadi mwisho. Vumbi na unyevunyevu, hasa kwa wenzetu wa pwani, hufanya mguso kuwa hafifu.
2. Weka kadi ya pili. Kijani kikianza kupepesa, bodi iko salama na kadi ya kwanza inasubiri matibabu, nenda kwenye sehemu ya kernel panic.
3. Hata kadi ya pili kimya, na ni Pi 4 au 5? Toa kadi zote na uiwashe na skrini. Bodi nzima itaonyesha ukurasa wa uchunguzi ukieleza inachotafuta. Skrini nyeusi hapo inaelekeza kwenye programu ya kuanzia, ambayo kwa modeli hizi inakaa kwenye chipu ya bodi badala ya kadi. Fungua Raspberry Pi Imager, programu ya kuandika mfumo kwenye kadi, kwenye kompyuta nyingine, ingia kwenye zana za ziada, chagua Bootloader ya modeli yako, iandike kwenye kadi ya pili, kisha washa Pi nayo. Kijani kikipepesa haraka bila kukoma na skrini ikawa ya kijani yote, imekubali. Zima, rudisha kadi ya kawaida.
4. Pi 3 na za kabla yake hazina chipu hiyo, zinategemea kadi kwa kila kitu, kwa hiyo zikikosa kadi huonekana kama zimekufa. Zikiwa kimya hata kwa kadi iliyothibitishwa, pima volti 3.3 kama hapo juu. Pi 3 B+ ina sifa mbaya kwa ugonjwa huu: nyekundu inang'aa vizuri, ila 3.3 haipo.

## Dalili: kijani inapepesa kwa mpangilio, inatulia, inarudia

Hii ni habari njema. Bodi iko hai na inakwambia kinachoiuma. Hesabu mipepeso mifupi kati ya mapumziko, na kama kuna mirefu, nayo uihesabu kwanza.

- Mifupi 3: imeshindwa kuanza, sababu ya jumla. Rudia kusafisha na kubadilisha kadi.
- Mifupi 4: haioni faili la `start.elf` au ndugu zake. Sehemu ya kwanza ya kadi imeharibika.
- Mifupi 7: haioni kerneli, yaani kiini cha mfumo. Hutokea usasishaji ukikatizwa.
- Mifupi 8: memori ya bodi ina hitilafu. Acha, hilo si lako.
- Mirefu 2, mfupi 1: sehemu ya kwanza haitambuliki kuwa FAT, muundo wa faili inaopaswa kuwa nao. Mara nyingi ni kadi iliyofomatiwa na mtu.
- Mirefu 4, mifupi 4: mfumo ulio kwenye kadi ni wa zamani kuliko bodi. Ukichukua kadi ya Pi 3 ya miaka ya nyuma kuijaribu kwenye Pi 4, usishangae. Pi 5 nayo inataka Raspberry Pi OS toleo la Bookworm la 2023 au jipya zaidi.
- Mirefu 4, mifupi 6 au 7: umeme. Rudi kwenye chaja.

## Dalili: rangi za upinde wa mvua zinatokea, kisha inaganda

Mraba wa rangi ukitokea maana yake fimuwea (programu ya msingi ya bodi) imepakiwa ila kerneli haijashika usukani. Makosa yanakaa kwenye sehemu ya kwanza ya kadi, ambayo kwa bahati kompyuta yoyote inaisoma, hata ya Windows.

Fungua `config.txt`. Kuna mtu aliongeza kasi? Mistari ya `arm_freq` na `over_voltage` iwekee alama ya # mwanzoni. Bodi inaweza kuwa ilivumilia kasi hiyo miezi mingi, ikaja kushindwa msimu wa joto.

Kisha tazama kama kerneli ipo na ina ukubwa wa maana: `kernel7.img` kwa Pi 2 na 3 za biti 32, `kernel7l.img` kwa Pi 4 ya biti 32, `kernel8.img` kwa biti 64, `kernel_2712.img` kwa Pi 5. Faili lenye ukubwa wa sifuri, au majina yaliyogeuka herufi za ajabu, ni alama ya FAT iliyovunjika. Nakili kwanza faili zote zinazosomeka, halafu kwenye Linux tumia `sudo fsck.vfat -a /dev/sdb1`, au kwenye Windows `chkdsk E: /f`, ukiweka jina au herufi sahihi ya kadi yako.

Ukihitaji kurudisha kerneli, usikimbilie kuichukua kwenye kadi nyingine. Kerneli ya toleo tofauti haitakuta vijenzi vyake ndani ya `/lib/modules`, hivyo Pi itawaka bila Wi-Fi au bila sauti, nawe utaanza kutafuta ugonjwa mpya usiokuwepo. Kuanzia Bookworm, nakala halisi ya kerneli inabaki kwenye sehemu ya pili, ndani ya `/boot`, kwa jina linaloanza na `vmlinuz`. Ya Pi 3 na 4 ya biti 64 inaishia na `v8`, ya Pi 5 inaishia na `2712`. Inakili hiyo kwenda sehemu ya kwanza kwa jina inalotarajiwa kuwa nalo. Mfumo ukiwaka, maliza kilichokatizwa:

    sudo dpkg --configure -a
    sudo apt -f install
    sudo apt full-upgrade

## Dalili: maandishi yanatiririka, kisha "kernel panic", "(initramfs)" au "emergency mode"

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na ndipo kuna nafasi kubwa ya kuokoa. Usizime haraka. Mstari wa kawaida wa `cmdline.txt` una maneno `fsck.repair=yes`, kwa hiyo mfumo huenda unajitengeneza wenyewe, na kwa kadi kubwa na ya polepole hilo linaweza kuchukua dakika nyingi. Kijani kikiwa bado kinapepesa, nenda kanywe chai.

Ikikwama kabisa, piga picha ya skrini kwa simu kisha usome mstari wa panic.

"Unable to mount root fs on unknown-block(179,2)": namba 179 ni kadi ya memori na 2 ni sehemu yake ya pili. Kadi imeonekana, ila mfumo wa faili hausomeki. "unknown-block(0,0)": haikuona hata hiyo sehemu. Ama kadi imejitenga, ama jina lililo baada ya `root=` kwenye `cmdline.txt` halilingani na kadi. Hili la pili linawapata walionakili kadi kwenda kadi nyingine. Linganisha PARTUUID, yaani namba ya utambulisho ya sehemu ya kadi, kwa amri `sudo blkid`.

Kabla ya kutengeneza, nakili kadi nzima. Najua haraka uliyonayo, lakini amri ya kutengeneza huandika, na kadi inayokufa inaweza isikupe nafasi ya pili ya kuisoma. Washa Pi kwa kadi ya pili, chomeka mgonjwa kwa kisoma kadi, na uwe na diski yenye nafasi inayozidi ukubwa wa kadi:

    lsblk
    sudo apt install gddrescue
    sudo ddrescue -d /dev/sdb kadi.img kadi.map
    sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb kadi.img kadi.map

Amri ya `lsblk` ndiyo inayokuonyesha kama kadi ni `sda` au `sdb`; linganisha ukubwa, usikisie. Mzunguko wa kwanza wa ddrescue huokota vinavyosomeka kirahisi, wa pili hurudia sehemu sugu mara tatu. Umeme ukikatika tena katikati, faili la `kadi.map` linakumbuka ulipofika, endesha amri ileile na itaendelea.

Sasa tibu nakala, kadi iache ipumzike:

    sudo losetup -P --show -f kadi.img
    sudo e2fsck -f -y /dev/loop0p2
    sudo mount /dev/loop0p2 /mnt

Tumia namba ya loop iliyotajwa na amri ya kwanza. Kama e2fsck inalalamika kuhusu superblock, rekodi kuu ya mfumo wa faili, kuna nakala zake za akiba mahali pengine. Kwa mfumo wa kawaida wa Pi jaribu `sudo e2fsck -b 32768 -B 4096 /dev/loop0p2`, ikikataa tumia 98304. Faili zilizopoteza majina zitakuwa ndani ya `lost+found` zikiitwa kwa namba. Ukishatoa vyako, unaweza kuandika nakala iliyopona kwenye kadi mpya. Ile ya zamani usiirudishe kazini hata kama inaonekana imechangamka.

Ukijikuta kwenye alama ya `(initramfs)` na ndani ya kadi hakuna cha kulilia, njia fupi ipo: andika `fsck -y /dev/mmcblk0p2`, ikimaliza andika `reboot`.

Kuhusu "emergency mode": mara nyingi kadi haina kosa lolote. Kuna diski ya nje iliyoandikwa kwenye `/etc/fstab`, orodha ya diski ambazo mfumo hufungua unapowaka, na siku hiyo haikuchomekwa, imechelewa kuamka, au nayo imeumia. Mfumo unaisubiri, inakosekana, unagoma wote. Mbaya zaidi utaambiwa "the root account is locked", hivyo hata kuingia huwezi. Fungua kadi kwenye Linux nyingine, tafuta mstari wa diski hiyo ndani ya `etc/fstab`, na baada ya `defaults` ongeza `,nofail`. Mtu anapoleta Pi "iliyokufa" yenye diski ya USB pembeni, mimi huanzia hapo.

## Dalili: inawaka, inazima, inawaka tena

Umeme, umeme, halafu umeme. Pi hulalamika volti zikishuka chini ya 4.63: alama ya radi hutokea pembeni mwa skrini, na kwa Pi 3 taa nyekundu huzima kwa muda. Ukipata dakika moja ya kuandika, uliza `vcgencmd get_throttled`. Jibu `0x0` ni salama. `0x50000` maana yake volti zilishuka tangu ilipowaka. `0x50005` zimeshuka hata sasa.

Diski inayozunguka ndiyo mla umeme mkubwa. Pi 4 inagawa ampea 1.2 kwa matundu yote manne ya USB. Pi 5 iliyo kwenye chaja ya ampea 3 inabana USB hadi ampea 0.6, na ikiwa unawashia kutoka diski ya USB inaweza kukataa kabisa kuanza hadi ubonyeze kitufe. Iunganishe diski kupitia habu yenye umeme wake.

Wanaotumia sola wapime volti kwenye pini za Pi yenyewe usiku, betri ikiwa imeshuka. Kipimo cha mchana kwenye kidhibiti hakisemi kitu. Na kama Pi inakaa na betri ya lithiamu, angalia kama imevimba. Iliyovimba usiichaji, usiitoboe, usiibonyeze. Itenganishe, iweke nje mbali na vitu vinavyoungua, mpe anayejua kuziharibu salama. Chaja ya ukutani nayo usiifungue. Ndani kuna umeme wa volti 230, na kapasita hubaki na chaji baada ya kuchomoa.

## Dalili: inawaka, ila kila ulichobadilisha jana kimerudi

Unafuta faili, unazima, unawasha, faili lipo. Unafomati kadi kwenye laptopu, inasema imemaliza, unaichomoa na kuirudisha: kila kitu mahali pake. Watu hudhani ni kirusi. Ni kadi iliyofika mwisho wa maisha, na chipu yake imejifunga isiandike tena ili unusuru kilichomo. Ishukuru, nakili kila kitu kwa ddrescue, itupe. Hakuna programu ya kuifungua.

Binamu wa tatizo hili ni kadi bandia: imeandikwa GB 128 usoni, ndani ina 8. Inafanya kazi vizuri hadi ijae kiasi chake cha kweli, kisha inaanza kuandika juu ya data yake yenyewe na Pi inaanguka bila sababu inayoonekana. Kadi mpya yoyote ipime kabla ya kuitegemea, kwa `f3write` na kisha `f3read` kwenye Linux, au H2testw kwenye Windows. Inachukua muda, ndiyo.

## Dalili: inafika ukurasa wa kuingia, haikuingizi

Nenosiri ni sahihi, skrini inameta, unarudishwa palepale. Bonyeza Ctrl+Alt+F2 uingie kwa maandishi, kisha `df -h`. Kadi ikiwa imejaa asilimia 100, punguza kwa `sudo apt clean` na `sudo journalctl --vacuum-size=50M`. Haijajaa? Kwa mifumo ya zamani tazama `ls -l ~/.Xauthority`; ikiwa mmiliki wake ni root, ifute kwa sudo na ujaribu tena.

Na kama inaingia lakini tovuti zote zinakataliwa kwa kosa la cheti, soma tarehe. Pi za kabla ya 5 hazina saa inayoendelea bila umeme, na ya Pi 5 inahitaji kibetri chake. Bila intaneti ya kuirekebisha, inaendelea kuishi siku ile umeme ulipokatika.

## Pa kuachia na kumwita mwingine

Mengine nimeyataja njiani. Linalobaki ni la data. Kadi isipoonekana kwenye `lsblk` hata kwa visoma kadi viwili tofauti, au `dmesg`, amri ya kusoma ujumbe wa kerneli, ikirudia "error -110" kila unapoichomeka, ddrescue haina cha kushika. Kama kilichomo hakina bei, acha kuichomeka. Mtafute mtaalamu wa kuokoa data anayeweza kusoma chipu moja kwa moja, na umuulize kabla hujamkabidhi kama ataifomati. Anayejibu "tutaformati kwanza tuone", ichukue kadi yako uondoke.

## Ikisharudi

Weka kadi iliyoandikwa "Endurance", inayovumilia kuandikwa mara nyingi, au kwa Pi 4 na 5 hamia SSD. Kwa Pi inayofanya kazi moja tu, kama skrini ya matangazo, ingia `sudo raspi-config`, sehemu ya Performance Options, uwashe Overlay File System: kadi haitaandikwa tena na unaweza kuchomoa waya utakavyo. Seva ya shule haifai kuwekewa hiyo, kwa sababu kazi ya wanafunzi itapotea kila inapozimwa. Hiyo ipe UPS ndogo, nakala ya kila wiki kwenye diski nyingine, na karatasi iliyobandikwa ukutani yenye amri ya `sudo poweroff`, kwa ajili ya mlinzi anayezima swichi kuu jioni.